Mbele ni Wapi? Istilahi za Kuseti Kamshafti Gerejini

Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaosoma kurasa hizi wamezoea kutuona tukijadili istilahi za sheria, za utawala na za masomo ya shule. Safari hii tumeona inafaa tuingie gerejini. Sababu yetu ni moja. Katika ofisi, istilahi mbovu humchanganya msomaji, naye anaweza kuuliza akaelezwa. Katika gereji, istilahi mbovu hutiiwa na mkono wenye spana, na chuma kikishapinda hakuna maelezo yatakayokinyoosha.

Kazi tunayoikusudia ni ya kufunga gia ya kamshafti inayoweza kusetiwa, isiyotoka kiwandani pamoja na gari, katika injini kuukuu. Tutaieleza kazi hiyo kwanza, kwa kuwa haiwezekani kuchagua jina la kitu kabla ya kukielewa. Kisha tutaonyesha jinsi neno moja la kawaida, neno “mbele”, lilivyokaribia kuiharibu injini moja mjini Singida, na mwisho tutatoa mapendekezo.

Chanzo cha suala hili

Mji wa Singida ni njia panda. Barabara itokayo Dodoma kupitia Manyoni hupita hapo kuelekea Nzega na Mwanza, na barabara ya kwenda Babati na Arusha huanzia hapo. Kwa hiyo gereji za mji huo hupokea magari ya kila namna na wenye magari wa kila kabila. Mafundi wenyewe nyumbani husema Kinyaturu, Kinyiramba, Kisukuma au Kigogo, lakini wakishavaa ovaroli lugha ya kazi ni Kiswahili. Ndiyo maana tulikwenda huko kukusanya maneno ya ufundi.

Siku tuliyofika katika gereji moja, palikuwa na pikapu aina ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, yenye injini ya petroli ya 22R. Injini hiyo ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, na kamshafti yake imekaa juu, katika kichwa cha injini, ikiendeshwa kwa cheni. Mwenye gari, karani mstaafu, huitumia kubeba alizeti wakati wa mavuno. Mara kadhaa injini ilikuwa imechemka ikipanda Mlima Sekenke kutoka Shelui kuja Misigiri, gasketi ikaungua, na kila mara kichwa cha injini kikapelekwa kuchongwa ili uso wake unyooke tena. Baada ya kuchongwa mara ya mwisho gari liliwaka vizuri, lakini likakosa nguvu ya kuvuta mlimani. Fundi mkuu alikwisha kufunga cheni mpya na kusafisha kabureta, wala hali haikubadilika. Ndipo ikaagizwa gia ya kuseti kutoka Dar es Salaam.

Kamshafti na kazi yake

Kwa faida ya wasomaji wasio mafundi, tueleze kwa ufupi. Katika injini ya mapigo manne kila pistoni hufanya kazi nne kwa zamu: hufyonza mchanganyiko wa hewa na petroli, huushindilia, husukumwa na mwako wake, kisha hutoa moshi. Mchanganyiko huingia kwa vali moja na moshi hutoka kwa nyingine. Mafundi wengi huziita valvu. Kinachozifungua vali hizo ni kamshafti, yaani mhimili wenye vinundu. Kinundu kikifika juu, vali husukumwa ikafunguka. Kikipita, springi huifunga.

Chini ya injini kuna mhimili mwingine, krenki, unaopokea msukumo wa pistoni. Cheni au mkanda huunganisha krenki na kamshafti. Kwa kuwa mapigo manne humalizika krenki inapozunguka mara mbili, kamshafti hutakiwa izunguke mara moja tu katika muda huohuo. Kwa sababu hiyo gia ya kamshafti huwa na meno mara mbili ya yale ya gia ya krenki.

Mihimili hii miwili ni lazima ipatane. Vali ya kuingiza ikifunguka kabla au baada ya wakati wake, silinda haijai sawasawa. Kupatana huko ndiko mafundi wanakokuita taimingi.

Kwa nini kamshafti huchelewa

Kichwa cha injini kinapochongwa, hupungua unene. Kamshafti iliyomo ndani yake hushuka na kukaribia krenki. Cheni haikupungua urefu, kwa hiyo hulegea kidogo, na kikaza-cheni huuchukua ulegevu huo upande wake. Upande wa pili, ambao ndio unaovuta, sasa umekuwa mfupi kuliko zamani. Matokeo yake ni kwamba gia ya kamshafti hubaki nyuma kidogo ya mahali ilipotakiwa kuwa. Cheni iliyochakaa na kurefuka huleta hitilafu ya namna hiyohiyo, ila hiyo huponywa kwa kufunga mpya. Chuma kilichochongwa hakirudi.

Tufanye hesabu ya mfano. Si vipimo vya injini ile. Tuseme gia ya kamshafti ina meno 40, na umbali kutoka pini moja ya cheni hadi nyingine ni milimita 9.525. Mzunguko mzima wa gia ni milimita 381, ambazo ni sawa na digrii 360 za kamshafti. Basi kila milimita moja ni takriban digrii 0.94 za kamshafti, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili, ni karibu digrii 1.9 za krenki. Kichwa kilichochongwa jumla ya milimita 2 kitaichelewesha kamshafti karibu digrii 4 za krenki.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini fundi asiruke jino moja tu la cheni. Jibu limo katika hesabu hiyohiyo. Jino moja katika meno 40 ni digrii 9 za kamshafti, yaani digrii 18 za krenki. Mwenye kutafuta digrii 4 akipewa 18 atakuwa ameacha ugonjwa mmoja na kuchukua mwingine mkubwa zaidi.

Watengenezaji wengine waliliona jambo hili mapema. Injini za Datsun za familia ya L, ambazo ndizo zilizokuwa katika Datsun 1600 SSS iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1970 na Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, zina matundu matatu yenye namba katika gia ya kamshafti. Cheni ikirefuka, fundi huihamisha gia kutoka tundu la kwanza kwenda la pili au la tatu. Gia ya kuseti ni wazo hilohilo lililoendelezwa: mahali pa hatua tatu zilizopangwa, fundi hupata digrii yoyote anayoitaka katika mpaka uliowekwa.

Gia ya kuseti na namna ya kuifunga

Gia ya aina hii ina sehemu mbili. Ya nje ni ukingo wenye meno, unaoshikwa na cheni. Ya ndani ni kitovu, ambacho mafundi hukiita habu, kinachofungwa katika kamshafti. Sehemu hizo hukazwa pamoja kwa bolti zinazopita katika matundu marefu yaliyopinda. Bolti zikilegezwa, kitovu huweza kuzungushwa kidogo ndani ya ukingo; zikikazwa, gia huwa kama kitu kimoja. Pembeni huchorwa mistari ya digrii.

Kazi huanza kwa kuileta pistoni ya kwanza kileleni, mwisho wa pigo la kushindilia, na kuhakikisha alama za kiwanda zimelingana. Fundi makini haziamini alama peke yake: hufunga sahani ya digrii katika krenki na saa ya kupimia juu ya vali, apate kujua hasa vali inafunguka wapi. Kisha hulegeza bolti, huishika cheni isisogee, huzungusha kamshafti kiasi kinachotakiwa na kukaza tena. Baada ya hapo huizungusha injini kwa mkono, kwa spana iliyowekwa katika nati ya krenki, mizunguko miwili kamili, taratibu. Akihisi kitu kimegonga, husimama papo hapo. Hatumii starta kabla ya hatua hiyo.

Tahadhari hiyo ina sababu. Pistoni inapokaribia kilele mwishoni mwa pigo la kutoa moshi, vali zote mbili huwa wazi kidogo. Kamshafti ikiwahishwa, vali ya kuingiza huisogelea pistoni zaidi. Ikicheleweshwa, ni vali ya kutoa moshi inayoisogelea. Katika injini ambayo kichwa chake kimechongwa, nafasi hiyo ilikwisha kupungua. Kosa la upande mmoja tu linatosha kupinda vali.

Neno “mbele” na maana zake

Gia ile ilikuja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Mfasiri wake hatumjui. Sentensi iliyotuhusu ilisema: “Sogeza gia mbele digrii nne.”

Kijana wa kwanza aliyeisoma alidhani kwamba gia ivutwe kuelekea mbele ya gari, upande wa rejeta. Aliyemfuata akasema si hivyo, gia izungushwe kufuata mzunguko wa injini, kwa kuwa mbele ni kule inakokwenda. Ndipo mwenye gari, aliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi, akaingilia. Alisema kwamba katika ofisi, mkutano ukisogezwa mbele maana yake umeahirishwa. Ulikuwa wa Jumatatu, sasa ni wa Alhamisi. Kwa hiyo karatasi inataka kamshafti icheleweshwe digrii nne.

Sisi tulisimama pale na madaftari yetu, tukaona kwamba wote watatu walikuwa wamesoma Kiswahili sahihi. Karani mstaafu alikuwa amekisoma kwa usahihi kuliko wenzake, maana katika mambo ya wakati hivyo ndivyo Watanzania wasemavyo. Hata hivyo maana yake ilikuwa kinyume kabisa cha ile iliyokusudiwa. Injini ile tayari ilikuwa imechelewa digrii nne, na ushauri wa karatasi, kwa tafsiri hiyo, ungeifikisha nane.

Fundi mkuu, mzee wa makamo, alimwambia kijana aweke spana chini. Kisha akatugeukia. “Wanangu,” alisema, “hii karatasi ya mbele na nyuma sitaki. Mimi niambieni vali iwahi au ichelewe. Basi.”

Tulimjibu, “Mzee, iwahi,” naye akaendelea na kazi.

Tangu hapo hatukuhitaji ushahidi mwingine. Kosa la mfasiri halikuwa la uvivu. Lugha aliyofasiri kutoka kwayo hutumia neno la mwendo wa kwenda mbele kwa maana ya kutangulia wakati. Kiswahili nacho hutumia neno la mbele kwa mambo ya wakati, lakini mara nyingi huona mbele kuwa ni siku zijazo, yaani baadaye. Mfasiri alihamisha picha bila kuona kwamba picha hiyo katika lugha yetu hutazama upande mwingine. Aidha, gerejini neno “mbele” lina kazi nyingine tayari: kuna taa za mbele, springi za mbele, magurudumu ya mbele.

“Kuwahi” na “kuchelewa” hayana utata huo. Mtoto wa darasa la kwanza anajua aliyewahi ni nani na aliyechelewa ni nani, na hapana upande wa gari unaoitwa hivyo. Kwa hiyo kanuni tunayoipendekeza ni hii: jambo la wakati litajwe kwa neno la wakati, na jambo la upande litajwe kwa neno la upande.

Utata mwingine tulioukuta

La kwanza ni neno “taimingi” lenyewe. Fundi akisema “nimevuta taimingi”, mara nyingi anakusudia wakati wa cheche ya plagi, si wakati wa vali. Katika injini ya 22R mambo haya mawili hugusana, maana disitributa huendeshwa na gia iliyopo mbele ya kamshafti. Ukiwahisha kamshafti umeiwahisha na cheche pia, na huna budi kuiseti upya. Mwongozo unaosema “taimingi” tu humwacha fundi akiseti kimoja na kusahau cha pili. Inafaa kusema “taimingi ya vali” na “taimingi ya moto”. Tulipendekeza pia neno “majira” mahali pa taimingi. Vijana wa gereji waliuliza kama ni ya masika au ya kiangazi, nasi tukaliacha.

La pili ni “digrii”. Digrii nne za krenki ni digrii mbili tu za kamshafti. Baadhi ya gia huchorwa kwa kipimo kimoja na baadhi kwa kingine. Mfasiri akiandika “digrii nne” bila kutaja za mhimili gani, ameacha nafasi ya kosa la mara mbili.

La tatu ni sehemu inayozungushwa. Ukiushika ukingo na kukizungusha kitovu kufuata mwendo wa injini, kamshafti huwahi. Ukikishika kitovu na kuuzungusha ukingo kufuata mwendo huohuo, kamshafti huchelewa. Kusema “zungusha gia” hakutoshi.

La nne ni jina la kifaa. Rasimu yetu ya kwanza iliandika “gia ya kurekebishwa”. Muuza spea tuliyemsomea alituuliza ina kasoro gani. Kwake kinachorekebishwa ni kilichoharibika. Tukajaribu “gia sogevu”; fundi mkuu akaikataa, akisema gia inayosogea yenyewe injini ikiwaka ni hatari, na hii husogezwa tu ikiwa imelegezwa. Wenyewe huita “gia ya kuseti”. Jina hilo ni fupi, linaeleweka dukani na gerejini, na kitenzi “kuseti” kilikwisha kuingia katika Kiswahili cha ufundi zamani. Utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe, kisha lahaja zake, lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, kabla ya lugha za kigeni. Hatuupingi. Lakini Kiswahili chenyewe ni pamoja na Kiswahili cha gereji.

Mapendekezo

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Kamshafti: mhimili wenye vinundu vinavyofungua vali.
2. Krenki: mhimili unaozungushwa na pistoni.
3. Gia ya kuseti ya kamshafti: gia yenye ukingo na kitovu vinavyoweza kubadilishwa mkao wake.
4. Ukingo na kitovu: sehemu ya nje yenye meno na sehemu ya ndani inayofungwa katika kamshafti.
5. Taimingi ya vali na taimingi ya moto: kamwe isiandikwe “taimingi” peke yake katika maelekezo.
6. Kuwahisha: kufanya vali ifunguke na kufunga mapema zaidi.
7. Kuchelewesha: kufanya vali ifunguke na kufunga baadaye zaidi.
8. Digrii za krenki na digrii za kamshafti: mhimili utajwe kila mara.

Kwa istilahi hizo, sentensi ya karatasi ile ingeandikwa hivi: “Shika ukingo usisogee. Zungusha kitovu kufuata mwendo wa injini mpaka kamshafti iwahi digrii 4 za krenki. Kisha seti upya taimingi ya moto.” Ni ndefu kuliko ya awali, lakini haina njia ya pili ya kusomwa.

Huenda msomaji akasema kwamba magari ya aina hii yanapungua, na kazi hii itakwisha nayo. Kinyume chake, jambo hili limeongezeka. Alfa Romeo ilianza mwaka 1980 kuuza gari ambalo injini yake hubadilisha yenyewe wakati wa kamshafti, na tangu miaka ya 1990 magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, yamefanya hivyo kwa kuongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo siku nzima haifanyi jingine katika kamshafti ila kuiwahisha na kuichelewesha. Mwalimu wa chuo cha ufundi atakayeyapata maneno hayo mawili leo katika injini kuukuu atayatumia kesho katika injini mpya.

Pikapu ile ilijaribiwa siku ya pili. Kwa kamshafti iliyowahishwa digrii zilezile ilizokuwa imepoteza, ilirudia mvuto wake wa mwendo mdogo, na mwenyewe akaondoka.

Tunawaomba walimu wa ufundi, wafasiri wa miongozo na watumishi wanaoandika maelekezo ya vyombo vya moto watuletee maoni kuhusu mapendekezo haya, hasa pale ambapo mafundi wa mikoa mingine hutumia maneno tofauti. Kabla ya kuandika, tunawasihi wafanye jaribio moja dogo: wamsomee sentensi yao mtu atakayeitekeleza, kisha watazame mkono wake unakwenda upande gani.